Bega limeumia baada ya chanjo: ubishe mlango upi wa fidia ukiwa Uganda?

Nina ndugu wawili wenye bega bovu la kushoto. Mmoja ni shemeji yangu, fundi cherehani, aliyedungwa chanjo ya pepopunda akiwa mjamzito, chini ya mwembe, katika wilaya moja ya huku mashariki ambayo sitaitaja. Mwingine ni binamu yangu anayetunza wazee Waltham, karibu na Boston, mji wenye Waganda tele. Yeye alidungwa chanjo ya mafua kazini kwake. Wote wawili maumivu yaliwaanza usiku uleule, na miezi minane baadaye hakuna hata mmoja aliyeweza kupeleka mkono nyuma afunge sidiria.

Binamu ana wakili ambaye hamlipi hata senti. Shemeji alikuwa na kadi ya kliniki iliyolowa mvua na watu kumi waliomwambia aachane nayo, ni mapenzi ya Mungu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Busia. Si wakili. Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua, kuwasindikiza ofisini na kuwaeleza waende wapi kwanza. Tangu habari ya shemeji isambae, wengine wamekuja na mabega yao, na swali lao ni moja: kati ya njia zote tunazosikia, ipi inafaa? Nitaziweka kando kwa kando kama ninavyoziona nikiwa hapa chini.

Sindano iliingia wapi?

Jeraha hili halitokani na kilichomo kwenye chupa ya chanjo. Linatokana na mahali sindano ilipoingia. Pa kudunga ni katikati ya msuli mnene wa bega, upana wa vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa. Sindano ikipanda juu ya hapo, dawa huingia kwenye kifuko cha ute kinacholainisha kiungo, na mwili huanza kupambana na chanjo ndani ya kiungo chenyewe. Hapo bega huvimba, huuma usiku, na mwisho huganda. Madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa wa namna hii mwaka 2006, na mwaka 2010 likapatikana jina linalofupishwa SIRVA. Mwaka 2011 Institute of Medicine ya Marekani ilikubali kwamba kitendo cha kudunga chenyewe, chanjo iwe ipi, kinaweza kuleta uvimbe huo.

Huku kwetu nimeona kwa macho jinsi linavyotokea. Mama aliyevaa gomesi haivui kwenye foleni mbele ya watu. Anaishusha kidogo shingoni, ncha ya bega inachomoza, na musawo, yaani mhudumu wa afya, aliyesimama juu yake, mwenye watu mia wakimngoja, anadunga panapoonekana. Musawo huyo si mtu mbaya. Lakini bega limeumia, na mwenye bega ana cherehani ya kukanyaga na watoto wa kulisha.

Watoto wangu wote wamechanjwa, na wajukuu nao watachanjwa. Anayedai bega lake hapingi chanjo, na ukienda ofisini na maneno ya kupinga chanjo utakuwa umejiharibia mwenyewe.

Kuhusu fidia, jambo hili la mahali lina uzito. Mtu anayedai kwamba chanjo yenyewe ilimdhuru lazima apambane na sayansi ya kiwanda kizima. Wewe unadai kwamba mkono wa mtu ulikosea kwa vidole viwili. Kwa hiyo anayedaiwa ni mwajiri wa aliyeshika sindano. Kiwanda kiache.

Njia ya Marekani: nzuri, lakini si yako

Naianza hii kwa sababu ndiyo inayopoteza muda wa watu. Matangazo ya mawakili wa Marekani yanafika kwenye simu zetu, na mtu wa Tororo anaamini amepata.

Marekani ina mfuko maalumu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986 na kuanza kazi mwaka 1988. Unajazwa na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa ambao dozi inaukinga. Tangu mwaka 2017 jeraha la bega limo kwenye jedwali la mfuko huo, yaani orodha ya majeraha unayoyatambua. Binamu yangu hakutakiwa kuthibitisha kwamba muuguzi alizembea. Alitakiwa kuonyesha kwamba bega lile halikuwa na shida kabla, kwamba maumivu yalianza ndani ya saa 48, kwamba yalibaki kwenye bega lililodungwa tu, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaoyaeleza. Madhara lazima yadumu zaidi ya miezi sita, na madai yafunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu dalili ya kwanza. Malipo ya maumivu na mateso hayazidi dola 250,000. Matibabu na mshahara uliopotea huhesabiwa kando. Wakili hulipwa na mfuko.

Sheria hiyo inaangalia chanjo ilitolewa wapi. Uraia hauhusiki. Kwa hiyo kama una dada au kaka aliyeko kule na alidungwa kule, mwambie leo, hata kama hana pasipoti yao. Ila kama chanjo yake ni ya korona, mfuko ni mwingine: una mwaka mmoja tu wa kuomba na haumlipii mtu wakili.

Aliyedungwa Uganda hamo, isipokuwa wachache sana: wanajeshi na wafanyakazi wa serikali ya Marekani, au mtu aliyepewa chanjo iliyotengenezwa na kampuni iliyoko Marekani kisha akarudi kule ndani ya miezi sita. Kwa wengine wote, kumwandikia wakili wa Chicago ni kutwanga maji kwenye kinu, na wakati unatwanga, saa ya Uganda inakwenda.

Mpango wa COVAX: kwa korona tu, na mlango wake ni mwembamba

Uganda ilianza kuchanja korona tarehe 10 Machi 2021, na dozi nyingi zilikuja kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo za korona. Mwezi huohuo ulianzishwa mpango wa fidia kwa nchi 92 zenye kipato kidogo, yetu ikiwemo. Kuomba ni bure na huhitaji kuthibitisha uzembe. Malipo ni ya mara moja na hukokotolewa kwa pato la mwananchi mmoja wa nchi husika, mara 12, mara kiwango cha madhara.

Ukisikia hivyo unadhani umefika. Lakini mpango uliwekwa kwa madhara makubwa: kifo, au jeraha lililokulaza hospitali na kukuachia ulemavu wa kudumu. Bega lililoganda kwa kawaida halimlazi mtu. Unakwenda, unapewa dawa za maumivu, unarudi nyumbani kuteseka. Wengi walioniuliza walikwama hapohapo. Tena ukipokea fedha zao unatia saini kwamba hutashtaki kwa jeraha hilohilo. COVAX yenyewe ilifungwa mwisho wa mwaka 2023, kwa hiyo anayedungwa leo asiihesabu kabisa.

Kwa chanjo za kawaida, yaani pepopunda, homa ya ini, na ile ya shingo ya kizazi wanayopewa wasichana, Uganda haina mfuko wa kumlipa mtu bila kutafuta mkosaji. Hilo ndilo pengo kati ya shemeji na binamu. Kilichobaki kwa shemeji ni sheria ya uzembe, na sheria hiyo ina milango zaidi ya mmoja.

Kituo cha serikali dhidi ya hospitali binafsi

Huu ndio ulinganisho wa kusoma polepole.

Kwanza nani wa kumshtaki. Kituo cha afya cha daraja la pili, la tatu au la nne kwa kawaida kiko chini ya serikali ya wilaya, na wilaya ni chombo kinachoweza kushtakiwa kwa jina lake. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya, na hapo anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Jijini Kampala vituo vingi ni vya KCCA, mamlaka ya jiji. Hospitali ya misheni hushtakiwa kupitia wadhamini wake waliosajiliwa, na kliniki binafsi kupitia kampuni au mwenyewe. Chanjo ya chini ya mwembe au uani kwa kanisa isikuchanganye. Uliza wachanjaji walitoka kituo gani, huyo ndiye mwajiri.

Pili, muda. Madai ya uzembe ulioumiza mwili dhidi ya mtu au taasisi binafsi yana miaka mitatu. Dhidi ya serikali au wilaya ni miaka miwili. Watu wengi hawalijui hili. Wanasikia "miaka mitatu" redioni, wanangoja bega lipone, wanakuja mwezi wa thelathini na kadi ya kituo cha serikali mkononi. Nimewarudisha wawili namna hiyo na sikulala vizuri. Na usitegemee kusema hukujua: jeraha hili huuma ndani ya siku mbili, kwa hiyo hakimu atahesabu tangu juma lile la sindano.

Serikali na wilaya pia zinatakiwa kupewa notisi ya maandishi siku 45 kabla ya kufungua kesi. Siku hizi mahakama hazitupi kesi kwa sababu ya notisi pekee, lakini mimi bado naisisitiza, kwa kuwa notisi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ndiyo mara nyingi huamsha mazungumzo.

Tatu, kulipwa. Hapa hospitali binafsi ina nafuu kwa mdai. Ikishindwa, mali yake inaweza kukamatwa, na jina lake likichafuka inapoteza wateja, kwa hiyo hupenda kumaliza mezani. Mali ya serikali haikamatwi. Ukishinda dhidi ya Mwanasheria Mkuu unaingia kwenye foleni ya madeni ya hukumu, na foleni hiyo ni ndefu.

Je, kweli wilaya imewahi kushindwa? Ndiyo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliiamuru Wilaya ya Nakaseke ilipe shilingi milioni 35 kwa familia ya mama aliyefariki akijifungua hospitalini huku daktari wa zamu hayupo. Kesi ilifunguliwa na mume wake pamoja na shirika la CEHURD la Kampala linaloshughulikia haki ya afya. Kesi hiyo inanipa moyo, na pia hunirudisha chini ninapomsikia mtu akitaja milioni mia tatu kwa ajili ya bega. Uhai wa mama ulihesabiwa 35.

Wakili hapa haruhusiwi kisheria kukubaliana nawe kuchukua asilimia ya hukumu, kwa hiyo ukiambiwa "tutagawana mbele" jihadhari. Usiye na uwezo nenda Justice Centres Uganda, FIDA kwa akina mama, au mradi wa msaada wa kisheria wa chama cha mawakili. Utaratibu wa madai madogo, ule wa mpaka milioni 10, unahusu deni, bidhaa na kodi ya nyumba, bega halimo. Na ujue kwamba tangu kanuni za mwaka 2013 kesi za madai hupelekwa kwanza kwenye upatanishi. Mimi naupenda upatanishi kwa majeraha haya. Mdai akikaa na karatasi ya gharama za fizio, nauli ya miezi yote na hesabu ya nguo alizoshindwa kushona, upande wa pili huona mtu badala ya faili.

Baraza na Tume

Aliyekudunga mara nyingi ni muuguzi, kwa hiyo malalamiko yanakwenda Baraza la Wauguzi na Wakunga. Baraza la madaktari halimhusu. Baraza linaweza kumwadhibu mtaalamu. Halikulipi. Nasema wazi kwamba siwashauri watu waanzie huko. Muuguzi wa kijijini aliyefundishwa vibaya akinyang'anywa leseni, bega lako halipati hata panadoli, na jirani zako wanampoteza musawo. Nenda Baraza kama alikuwa amelewa, alikutukana, alikudunga kwa nguvu, au hana usajili.

Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ni tofauti. Katiba, ibara ya 53, inaipa mamlaka ya kuamuru fidia. Ni bure, ina ofisi mikoani, Soroti na Jinja zikiwa karibu nasi, na huhitaji wakili. Ila Tume hutazama ukiukaji wa haki, na sindano iliyopanda vidole viwili kwa bahati mbaya si rahisi kuiita hivyo. Kama ulidungwa bila kuulizwa, au ulirudi kituoni mara tatu na bega limevimba wakakufukuza, hapo una hoja. Zingatia pia kwamba Tume haigusi jambo lililoko mahakamani. Ukifungua kesi, mlango wa Tume umefungwa kwa jambo hilo, kwa hiyo amua mapema.

Mlango wa mwajiri, ambao hakuna anayeuliza

Mwalimu, mhudumu wa afya, mlinzi, mfanyakazi wa kiwanda: kama uliambiwa uchanjwe kwa ajili ya kazi, au wachanjaji waliletwa kazini, isome Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Haitaki uthibitishe kosa la mtu. Inataka jeraha liwe limetokana na kazi na limetokea ukiwa kazini. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mshahara wa miezi 60, na wa sehemu hulipwa asilimia ya hapo kadiri daktari atakavyopima. Unaanzia kwa mwajiri kwa maandishi, kisha afisa wa kazi wa wilaya. Nauona huu ndio ndugu wa karibu wa mfuko wa Marekani tulio nao. Askari wa UPDF, jeshi letu, walio kazini hawamo kwenye sheria hii. Wana taratibu zao.

Karatasi zinazobeba kila mlango

Piga picha alama ya sindano siku hiyohiyo, mtu mwingine akiweka vidole vyake kuanzia ncha ya mfupa ili umbali uonekane. Andika nani alisimama na nani aliketi, na ulivaa nini. Picha hiyo ya simu inashinda maneno ya mashahidi watano mwaka mmoja baadaye.

Nenda kituoni ndani ya siku hizo mbili hata kama wanakwambia ni kawaida. Unachotaka ni tarehe kwenye kitabu. Omba tukio liripotiwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, ambayo hupokea ripoti za madhara ya dawa na chanjo, hata kwa programu ya simu ya Med Safety. Ripoti hiyo haikupi fidia, lakini inaonyesha kwamba ulilalamika mapema.

Eksirei itaonyesha mifupa mizima na mtu atakwambia huna kitu. Tishu laini huonekana kwa ultrasaundi, au MRI ambayo ni ghali na ya mjini. Anza na ultrasaundi na barua ya mtaalamu wa tiba ya viungo inayosema mkono unapanda nyuzi ngapi. Kama kituo cha serikali kinakunyima rekodi zako, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inakipa siku 21 kujibu ombi lako la maandishi.

Mimi ningechagua hivi

Kama sindano ilihusu kazi, ningeanza kwa mwajiri. Kama ni hospitali binafsi au ya misheni, barua ya madai kwanza, na kesi kabla ya mwaka wa tatu wasipojibu. Kama ni kituo cha serikali na umeumia kweli, notisi kwa wilaya mapema, upatanishi ukipatikana, na kesi kabla ya miezi 24 kwisha. Tume ningeiweka kwa yule aliyedharauliwa au kulazimishwa. Na kama bega limepona ndani ya miezi mitatu kwa mazoezi, ningekwambia kwa moyo safi urudi kwenye kazi yako, maana nauli za mahakamani zitakula zaidi ya utakachopata.

Shemeji hajapona. Bado anakanyaga cherehani na kukata kitambaa kwa mkono mmoja, binti yake akishika upande wa pili. Ana mwezi wa kumi na saba. Kadi tuliikausha juani, tarehe inasomeka, na mhudumu mmoja wa kituo kile, aliyekuwepo siku ile, amekubali kuandika kwamba wachanjaji walikuwa wawili kwa watu zaidi ya mia. Notisi imechapwa nakala tatu. Jumatatu asubuhi tunapanda bodaboda kuipeleka makao ya wilaya, na hatutaondoka kaunta mpaka nakala yetu ipigwe muhuri.